Kabla ya Nishani, Ulizeni Nani Anabaki

Barua ya wazi kwa wenyeviti na wajumbe wa bodi za hospitali za rufaa za mikoa na za kanda, Tanzania

Waheshimiwa,



Nawaandikia kuhusu jambo ambalo limeanza kusikika katika semina na vikao vya hospitali zetu kubwa: hamu ya kutafuta hadhi ya kimataifa ya uuguzi bora. Jina linalotajwa zaidi ni Magnet, hadhi inayotolewa na American Nurses Credentialing Center, taasisi iliyo chini ya chama cha wauguzi cha Marekani. Mimi ni muuguzi na mkunga. Nimefanya kazi wodini, nimesimamia wodi, na sasa nimestaafu na nawafundisha wanafunzi kando ya vitanda vya wagonjwa. Hamu hiyo naifurahia kwa moyo wote. Miaka yote hospitali ikitaka kujisifu ilitaja jengo jipya, mashine ya CT, daktari bingwa aliyerejea kutoka masomoni. Bodi kutamka kwamba inataka kujulikana kwa uuguzi wake ni jambo ambalo wauguzi wa rika langu hatukutegemea kulisikia tukiwa hai.

Ndiyo maana nawahi kuandika, kabla hamjasaini mkataba na mshauri yeyote na kabla ya kamati ya maandalizi kuanza kuchapisha fulana.

Hadhi hii haikuanza kama tuzo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Marekani ilikuwa na upungufu mkubwa wa wauguzi. Watu waliajiriwa, wakakaa kidogo, wakaacha kazi. Taasisi ya wabobezi wa taaluma hiyo, American Academy of Nursing, ikaunda jopo la wauguzi wanne, akiwemo Margaret McClure, wachunguze tatizo. Wangeweza kuuliza kwa nini wauguzi wanaondoka, lakini majibu ya swali hilo yalikuwa tele mitaani. Wao wakageuza swali. Zipo hospitali ambazo, katika upungufu uleule na katika miji ileile, wauguzi wanazikimbilia na wakishaingia hawatoki. Zina nini? Wakapitia hospitali 163, wakabaki na 41 zilizokuwa zikivuta wauguzi kama sumaku. Wakakaa na wakurugenzi wa uuguzi wa hospitali hizo, na katika vikao vingine wakakaa na wauguzi wa wodini peke yao, bosi akiwa hayupo. Ripoti ikatoka mwaka 1983.

Waliyoyakuta humo ni mambo ambayo muuguzi yeyote wa hospitali za Ligula, Maweni au Sekou Toure angewatajia bila kusoma ripoti. Mkurugenzi wa uuguzi alionekana wodini na alisikika kwenye menejimenti. Wauguzi walitosha kwa idadi ya wagonjwa. Ratiba ya zamu ilitengenezwa na mtu anayejua kwamba muuguzi naye ana mtoto, ana mama mzee, ana msiba. Nafasi za kusoma zilikuwepo. Muuguzi aliaminiwa kuamua yale yaliyo ndani ya taaluma yake, na daktari alizungumza naye kama mwenzake. Baada ya hapo ilipita miaka 11. Hospitali ya kwanza kutunukiwa rasmi, University of Washington Medical Center ya Seattle, ilipewa hadhi hiyo mwaka 1994.

Kwa hiyo swali lilitangulia na nishani ikaja nyuma yake. Ombi langu lote katika barua hii ni kwamba utaratibu huo msiupindue.

Nasema hivyo kwa sababu tunajua kinachotokea cheti kikitangulia. Katika hospitali moja niliyofanyia kazi, ambayo sitaitaja, ujio wa wakaguzi ulitangazwa mapema. Wiki ile mashuka mapya yalitoka stoo. Kila kona ikawekwa ndoo ya maji yenye koki, na sabuni. Mafaili yakajazwa usiku na mchana, pamoja na vipimo ambavyo havikuwa vimechukuliwa. Wagonjwa waliokuwa wamelazwa chini wakatafutiwa pa kwenda. Wauguzi wote waliokuwa ofu wakaitwa, hivyo wakaguzi walipoingia wodini walikuta muuguzi kila baada ya vitanda vichache.

Mnajua nini kilitokea siku hiyo? Kazi ilifanyika vizuri. Wagonjwa wasiojiweza waligeuzwa kila baada ya saa mbili. Dawa za saa sita zilitolewa saa sita. Waliokuwa wanaruhusiwa kurudi nyumbani walielezwa dawa zao moja moja, wakaulizwa kama wameelewa, wakarudia kwa maneno yao. Mama mmoja aliyekuwa akimuuguza mwanawe aliyepooza akaniuliza, "Sista, na kesho mtakuwa hivihivi?" Kesho yake tulirudi kuwa watatu mchana na mmoja usiku, na mashuka yakarudi stoo.

Hospitali ile ilipata alama nzuri. Hakuna kiongozi aliyetambua kwamba siku ya ukaguzi ilikuwa imemwonyesha dawa. Wauguzi walikuwa walewale, na elimu yao ileile na mishahara yao ileile. Kilichobadilika ni idadi yao kwenye zamu, na vifaa kuwa mkononi badala ya kufungiwa.

Sisemi kwamba upimaji hauna maana. Serikali ilipoanza kuvipima vituo vya afya ya msingi kwa nyota mwaka 2015, vingi havikupata hata moja, na aibu ile ilifanya kazi: halmashauri zilianza kuuliza maswali ambayo hazikuwa zimeuliza. Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza mwaka 2007, kwa msaada wa Wajapani wa JICA, kazi ya 5S ya kupanga stoo, kuweka lebo kwenye makabati na kuondoa vitu visivyotumika, na utaratibu huo ukasambaa katika hospitali nyingi nchini. Mtu asiyefanya kazi wodini anaweza kuuona ni usafi tu. Anayehangaika kutafuta kanula ya mtoto saa tisa usiku anajua thamani ya kabati lililopangwa. Na Hospitali ya Aga Khan ya Dar es Salaam ilipopata ithibati ya JCI, shirika la kimataifa la ithibati za hospitali, mwaka 2016, ilionyesha kwamba viwango vya kimataifa vinafikika katika ardhi hii. Lakini ithibati ya aina ile inaipima hospitali nzima. Magnet inaingia mahali pagumu zaidi, kwa sababu inapima uuguzi wenyewe, na uuguzi ni watu.

Hapa naomba mnivumilie nikae kwa kirefu kidogo, maana ndipo penye uhai na kifo.

Mwaka 2002 Linda Aiken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali 168 za jimbo hilo. Waligundua kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30. Mwaka 2014 hesabu hiyo ilirudiwa katika nchi 9 za Ulaya, na asilimia ikatoka ileile, 7. Utafiti huo wa Ulaya ulionyesha pia kwamba panapoongezeka wauguzi wenye shahada, vifo vinapungua. Huko mjadala ulikuwa ni kama muuguzi awe na wagonjwa wanne au wanane. Jimbo la California lilikata shauri kwa sheria: tangu mwaka 2004 kila aina ya wodi ina kikomo cha wagonjwa kwa muuguzi mmoja, na wa chumba cha wagonjwa mahututi hapewi zaidi ya wawili, usiku na mchana. Queensland ya Australia ikafuata mwaka 2016.

Kwetu, muuguzi mmoja na mhudumu mmoja kwa wodi nzima usiku ni jambo ambalo hakuna anayeliandikia ripoti.

Wajumbe wengi wa bodi ni wahasibu, wanasheria, viongozi wa dini, wahandisi. Siwalaumu kwa kutojua usiku ule una nini. Mgonjwa aliyepasuliwa tumbo mchana hafi ghafla saa kumi alfajiri, hata kama ndugu zake wataambiwa hivyo. Kwanza pumzi zinaongezeka, kutoka 18 kwa dakika hadi 24, hadi 30. Mapigo ya moyo yanapanda. Mkojo kwenye mfuko unapungua. Anaanza kuhangaika, anavuta shuka, anasema maneno yasiyoungana. Dalili hizo zinatangulia kwa saa kadhaa, na anayeweza kuziona ni yule tu aliyepita kitandani saa nne, akarudi saa sita, akarudi tena saa nane na kulinganisha alichokiona. Daktari wa zamu hawezi kuja kama hajaitwa, na muuguzi hawezi kumwita kwa jambo ambalo hakupata nafasi ya kuliona.

Wodi ya wazazi ni hivyohivyo. Mama aliyejifungua salama anatakiwa aangaliwe kila dakika 15 katika saa ya kwanza: damu inayotoka, mji wa mimba kama umekaza, presha. Mkunga mmoja akiwa na wanawake watatu wanaosukuma kwa wakati mmoja, yule aliyekwisha kujifungua anabaki peke yake na kitenge chake. Damu ya uzazi haina subira. Nimeshika mikono ya wakunga waliolia bafuni baada ya usiku wa namna hiyo, wasichana hodari, waliofaulu vizuri vyuoni, na baadhi yao sasa wanafanya kazi Uingereza na Uarabuni.

Ndipo tunapofika kwenye swali la McClure na wenzake. Wanaobaki kwenu wanabaki kwa nini? Na walioondoka mwaka jana, yupo aliyewauliza?

Najua jibu ambalo baadhi yenu mtalitoa, kwamba ajira ni kibali cha Utumishi na bodi haina mamlaka nayo. Ni kweli kwa ajira za kudumu. Lakini hospitali zenu zina mapato ya ndani, na nyingi tayari zinaajiri kwa mikataba kutoka kwenye mapato hayo. Mtaani wapo wauguzi vijana wenye leseni za Baraza la Uuguzi na Ukunga, wanaouza vocha au wanaojitolea wodini kwa nauli tu, miezi na miezi, wakifanya kazi ileile ya walioajiriwa. Fedha za kulipia maombi ya hadhi, washauri, safari za mafunzo na ada za dola zikipatikana, basi fedha za mikataba ya wauguzi zinaweza kupatikana. Mkianza na za pili, za kwanza zitakuwa na kitu cha kuonyesha.

Baada ya suala la idadi ya wauguzi, jambo la pili linanigusa kuliko yote. Hospitali inayotafuta Magnet inatakiwa itoe takwimu za mambo yanayotegemea uuguzi: wagonjwa walioanguka, vidonda vya kulalia, maambukizi yaliyotokana na mpira wa mkojo, kuridhika kwa wagonjwa, kuridhika kwa wauguzi wenyewe. Zinakusanywa wodi kwa wodi, robo mwaka kwa robo mwaka, kisha zinalinganishwa na za hospitali nyingine. Mpango mzima unasimama juu ya takwimu za kweli. Sasa fikirini kinachompata muuguzi wa kwetu akiripoti kwamba mgonjwa ameanguka kitandani, au kwamba ametoa dozi isiyo sahihi na ameigundua mwenyewe. Anapewa barua ya kujieleza. Ana saa 48. Barua inaingia kwenye faili lake, na siku ya kupandishwa daraja inatolewa. Wenzake wanaona, na wanajifunza. Mwezi unaofuata wodi haina mgonjwa aliyeanguka hata mmoja, dawa zote zimetolewa sahihi, na menejimenti inashangilia maendeleo.

Takwimu nzuri kutoka kwenye wodi yenye hofu ni hatari kuliko takwimu mbaya, kwa sababu zinawafunga macho wanaoweza kusaidia. Kabla ya kuomba takwimu, bodi itangaze kwa maandishi kwamba muuguzi anayeripoti kosa kwa hiari hataadhibiwa kwa kuripoti, na itofautishe waziwazi kosa la kibinadamu na uzembe au ukatili. Uzembe upo, na mimi nimewahi kupendekeza watu wafukuzwe. Hata hivyo makosa mengi niliyoyaona yalizaliwa na chupa mbili za dawa zinazofanana zikiwa rafu moja, na mtu aliyekuwa kazini tangu jana yake.

Kuhusu vidonda vya kulalia nina neno moja la pembeni. Hospitalini kwetu anayemgeuza mgonjwa, anayemwogesha na kumlisha mara nyingi ni ndugu: dada aliyetoka Kilolo, mke aliyelala kwenye korido juu ya khanga. Kazi yake haimo kwenye hesabu yoyote. Mtakapopima, msije mkapeleka ng'ambo jasho la huyo dada kama ushahidi wa ubora wa hospitali. Mpimeni na mgonjwa asiye na ndugu, yule aliyeokotwa barabarani na polisi. Ngozi ya mgongo wake ndiyo itakayosema ukweli kuhusu uuguzi wenu.

Muuguzi mkuu anakaa wapi? Wenye mpango wa Magnet hawana mzaha na suala hilo. Mkurugenzi wa uuguzi lazima awe msomi wa kiwango cha uzamili na awe na sauti katika maamuzi ya juu, na viongozi wote wa wodi wawe na shahada. Katika bodi nilizowahi kuzijua kwa karibu, mkuu wa uuguzi aliitwa ajenda ilipomhusu, akasoma taarifa, akaulizwa kuhusu lugha chafu kwa wagonjwa, akatoka nje. Bajeti ikapitishwa akiwa koridoni. Watumishi wanaomtegemea ndio kundi kubwa kuliko yote hospitalini, na ndio pekee wanaokaa na mgonjwa saa 24. Mpeni kiti, na kabla ya bajeti kupita mpeni nafasi ya kusema zamu zitajazwaje.

Suala la shahada nalo mlitazame kwa upole. Wauguzi wetu wengi wazuri wana cheti au stashahada. Mkisema kuanzia kesho inchaji wa wodi awe na shahada, mtawang'oa akina mama ambao wanajua wodi kwa harufu, na kuweka mahali pao vijana wenye karatasi. Hao akina mama wapelekeni shule. Wapeni ruhusa yenye mshahara na mkataba wa kurudi. Itachukua miaka, na ni sawa ichukue miaka, kwa sababu hata hospitali za Marekani hazipati hadhi hii kwa msimu mmoja, na huko nako ni karibu hospitali moja tu katika kila kumi iliyo nayo.

Msidhani nawakatisha tamaa. Ushahidi unaonyesha kwamba wagonjwa wa hospitali zenye hadhi hii wanapona zaidi. Lakini usomeni vizuri. Utafiti wa Christopher Friese na wenzake, uliochapishwa mwaka 2015, ulifuatilia wazee waliofanyiwa upasuaji kwa kipindi cha miaka 13. Uliona vifo vichache katika hospitali za Magnet, na uliona pia kwamba hospitali hizo hazikuendelea kuwa bora zaidi baada ya kutunukiwa. Mwaka huohuo watafiti wa Pennsylvania walionyesha kwamba hospitali zilizokuwa njiani kuelekea hadhi hiyo ziliboreka haraka kuliko zile ambazo hazikuishika njia. Nikiziweka tafiti hizo mbili pamoja, naona kwamba kinachoponya ni kazi ya njiani.

Tazameni pia Rochdale, kaskazini mwa Uingereza. Hospitali ya mji ule ilikuwa ya kwanza nje ya Marekani kupata Magnet, mwaka 2002. Wauguzi wake walijivunia, na haki yao. Kisha hospitali ikaunganishwa na nyingine, uongozi ukabadilika, vipaumbele vikabadilika, na hadhi ikaisha bila kuhuishwa. Hadhi hudumu miaka 4 tu kabla ya kuombwa upya, na kwetu mkurugenzi anaweza kuhamishwa mara mbili katika muda huo. Kama mambo haya hayataandikwa kwenye mpango mkakati na kwenye bajeti, yataondoka na gari lililombeba mkurugenzi.

Na kuna njia nyingine ambayo imenipa matumaini makubwa. Mwaka 2020, kwa fedha za Umoja wa Ulaya, ulianza mradi ulioitwa Magnet4Europe. Hospitali zaidi ya 60 katika nchi 6, Ubelgiji, Ujerumani, Ireland, Norway, Sweden na Uingereza, ziliunganishwa kila moja na hospitali ya Marekani yenye hadhi hiyo. Hazikuingia kwa lengo la kutunukiwa. Zilitaka kuchukua yale yanayowafanya wauguzi na madaktari wasichoke kupita kiasi na wasikimbie kazi, na kupima kama yanafanya kazi katika mazingira yao. Hospitali za Bugando, KCMC, Benjamin Mkapa na Mbeya zinaweza kufanya hivyo zenyewe kwa zenyewe, hospitali moja ikijifunza kwa nyingine, kwa gharama ya nauli ya basi na vitanda vya kulala wageni. Nani kati yenu amewahi kumtuma inchaji wake akakae wiki mbili kwenye wodi ya hospitali nyingine ya Tanzania inayofanya vizuri?

Na kama ni lazima hati iwepo, kwa sababu wafadhili wanaipenda na wanasiasa wanaielewa, basi tazameni kwanza ile inayoitwa Pathway to Excellence, inayotolewa na taasisi ileile inayotoa Magnet. Ilianzia Texas mwaka 2003 ikiwalenga wauguzi wa hospitali ndogo na za vijijini, na sehemu yake muhimu ni kura ya maoni ya siri ya wauguzi wenyewe kuhusu mahali pao pa kazi. Wasiporidhika, hospitali haipati. Napenda kipimo kinachompa muuguzi wa zamu ya usiku uwezo wa kusema hapana.

Kila tarehe 12 Mei tunawasha mishumaa, tunarudia kiapo, mgeni rasmi anatusifu. Kila Mei Mosi mmoja wetu anapewa cheti cha mfanyakazi hodari, na siku nyingine bahasha. Tunashukuru. Mwaka 2022 muuguzi wa Marsabit, Kenya, Anna Qabale Duba, alipewa Dubai tuzo ya kimataifa yenye thamani ya dola 250,000, na sisi wa huku tulishangilia kama wa nyumbani. Lakini tuzo ya mtu mmoja humtafuta aliyefaulu licha ya mazingira yake. Mnachokitafuta ninyi ni kingine: hospitali ambamo muuguzi wa kawaida, asiye shujaa, aliyeacha mtoto mwenye homa nyumbani, anaweza kufanya kazi nzuri Jumatatu na Jumanne na usiku wa sikukuu.

Basi naomba haya yaingie kwenye kikao chenu kijacho cha robo mwaka. Mkurugenzi wa uuguzi alete, wodi kwa wodi, idadi ya wauguzi waliokuwa zamu saa nane usiku kwa kila siku ya mwezi uliopita, na idadi ya wagonjwa waliolala wodini usiku huohuo, pamoja na waliolala chini. Alete majina ya wauguzi walioacha kazi au kuomba uhamisho katika mwaka mmoja, na sababu zao kwa maneno yao. Afisa utumishi alete barua zote za kujieleza walizoandikiwa wauguzi, na mwanasheria wa bodi azisome moja moja. Na wajumbe wawili, mmoja wao awe mwenyekiti, wapite wodini usiku bila taarifa, wakae kwenye kiti cha muuguzi hadi asubuhi, washuhudie kukabidhiana zamu. Wasiende na kamera.

Baada ya hapo, wauguzi wa wodini wakutane bila mabosi wao, na wajibu swali moja: nini kinakufanya ubaki hapa? Majibu yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa hospitali, hata yale yanayouma.

Mkiyafanya hayo na bado mkataka kuomba hadhi, niiteni. Nitakuja kusaidia kuandika maombi, bila posho, na najua wastaafu wenzangu ambao watakuja nami. Nakala ya barua hii nimeipeleka kwa Chama cha Wauguzi Tanzania na kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga. Nasubiri majibu yenu kabla bajeti ya mwaka ujao haijapitishwa.

Wenu katika kazi,

Muuguzi na mkunga mstaafu,
Iringa